Mshairi Aliyefishwa Vizuri

Rupert Brooke hakupigwa risasi. Aliumwa na mbu mdomoni, pakavimba, sumu ikaingia kwenye damu, na tarehe 23 Aprili 1915 akafia katika meli ya hospitali ya Wafaransa iliyotia nanga kando ya kisiwa cha Skyros, Ugiriki. Alikuwa na miaka 27. Wenzake walimzika usiku uleule kwenye shamba la mizeituni, maana meli zilikuwa zikiondoka. Siku mbili baadaye uvamizi wa Gallipoli, nchini Uturuki, ambao kikosi chake kilikuwa kikiuendea, ulianza bila yeye. Huyu ndiye aliyekuja kuwa kielelezo cha askari mshairi wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Tuanze na mashairi yenyewe. Mwishoni mwa 1914 Brooke alitunga soneti tano, kila moja ya mishororo 14, kumsifu kijana anayeikabili vita kwa moyo mkunjufu. Vita aliyoiona yeye ilikuwa ya siku chache tu: mwezi Oktoba kikosi chake cha wanamaji kilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, kikashika mahandaki kidogo, kisha kikarudi nyuma katikati ya misafara ya wakimbizi. Soneti zile hazina tope, hazina maiti anayenuka, na adui haonekani. Ya mwisho, "The Soldier", inamfikiria askari anayefia ugenini, ambaye pale alipolazwa panageuka kipande cha nchi yake. Anayesema huu ni ushairi wa mtu asiyeijua vita hakosei. Ila mwanzoni mwa 1915 hata wasomaji wake wengi hawakuwa wameijua, na waliofiwa walitaka neno la kujiliwazia.

Neno hilo walipewa kanisani. Jumapili ya Pasaka, 4 Aprili, William Inge, mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mjini London, aliisoma soneti hiyo mimbarini. Siku 19 baadaye mtunzi akafa. Tarehe 26 gazeti la The Times likachapa tanzia iliyotiwa herufi W.S.C., yaani Winston Churchill, Waziri wa Jeshi la Wanamaji na mtetezi mkubwa wa kampeni ya Gallipoli. Katibu wake, Edward Marsh, alikuwa rafiki wa karibu wa marehemu, na ndiye aliyemsaidia kupata cheo jeshini. Hesabu tarehe: tanzia inayomsifu kijana aliyekuwa radhi kufa ilitoka siku moja tu baada ya askari kumiminwa kwenye fukwe za Gallipoli. Siamini kwamba huzuni yao ilikuwa ya bandia. Waliomlilia ndio hao hao waliohitaji vijana zaidi wajiandikishe, basi.

Mengine yalijileta. Siku aliyokufa ni sikukuu ya Mtakatifu George, msimamizi wa Uingereza, na ndiyo pia inayokumbukwa kuwa siku ya Shakespeare. Tena alikuwa mzuri wa sura; picha aliyopigwa na Sherril Schell mwaka 1913, mabega wazi, ilizagaa pamoja na kitabu chake.

Kilichopotea ni mtu mwenyewe. Brooke alikuwa msoshalisti wa Chama cha Fabian, mtu wa mizaha, ambaye mwaka 1912 mapenzi yalimvuruga akili hata akaugua. Shairi lake "Heaven" linaicheka dini kwa kuwapa samaki pepo yao ya majimaji. Marsh alipoandika maisha yake, mama mzazi hakuridhika, na kitabu kikakwama hadi 1918. Kinachonisikitisha zaidi ni kipande cha shairi alichokiacha bila kukimaliza, alichokitunga melini mwezi wa mwisho wa uhai wake: anawachungulia wenzake dirishani usiku, anaona jinsi miili yao ilivyo dhaifu. Hapo hakuna tarumbeta. Alikuwa ameanza kubadilika, na umaarufu wake haukuwa na haja na badiliko hilo.

Wa kwanza kulalamika hakuwa mhakiki wa baada ya vita. Charles Sorley, mshairi na askari, aliandika katika barua ya Aprili hiyohiyo kwamba Brooke ameshughulishwa mno na kujitoa kwake mhanga. Oktoba mwaka huo Sorley aliuawa vitani Loos, Ufaransa, akiwa na miaka 20. Yeye hakusomewa mimbarini.

Kitabu cha Brooke, *1914 and Other Poems*, kilichapwa tena na tena miaka yote ya vita. Kabla ya kufa alikuwa ameagiza mapato ya mashairi yake wagawiwe washairi watatu rafiki zake, Wilfrid Gibson, Lascelles Abercrombie na Walter de la Mare, waliokuwa na familia na mifuko mitupu. Kwa hiyo kila mzazi aliyenunua kitabu kile kwa ajili ya mwanawe aliyekufa alikuwa, bila kujua, akimlipa mshairi aliye hai.