Je, Wajua? Pistoni Zilizozaliwa Kwenye Kopo

Mwaka 1920, Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, alinunua pikipiki ya Indian Scout. Ikikimbia sana, haikuzidi kama kilomita 90 kwa saa. Hakuwa na shahada ya uhandisi wala karakana ya maana, ila banda tu. Humo, ili kuiongezea kasi, aliyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina kwenye makopo ya zamani, akapata pistoni. Silinda alizitengeneza kwa bomba kuukuu la gesi. Konrodi alizichonga kwa mkono kutoka kwenye ekseli ya trekta la Caterpillar; hebu fikiria jasho lake! Hata maikromita aliiunda mwenyewe kwa spoki ya gurudumu.

Vipuri vilivyompasukia alivipanga rafuni, akaandika kuwa ni sadaka kwa mungu wa kasi. Na rafu ilijaa.

Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, alikimbiza pikipiki hiyohiyo kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaweka rekodi ya daraja la injini zisizozidi cc 1000. Hesabu ilikosewa kidogo. Ikasahihishwa 2014, miaka 36 baada ya kifo chake: kilomita 296 kwa saa.