Ziwa Tanganyika: Kwa nini ndoano huacha mbegu ya samaki, na kokoro halibakishi

Kaskazini magharibi mwa jiji la Bujumbura, mahali ambapo Mto Rusizi unamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, mtu mzima anaweza kusimama majini na maji yasimfike kiunoni. Ziwa hilo hilo, likienda mbele, hufikia kina cha takriban mita 1,470. Sehemu hiyo ya kando imesongwa na matete na magugu, na machoni pa mpita njia ni kinamasi kisicho na faida. Kumbe humo ndimo samaki aina ya tilapia, anayeitwa pia sato au perege, huzaliana, na humo ndimo anapokamatika kwa urahisi kuliko mahali pengine popote.

Urahisi huo una bei yake. Ndagala na mukeke, ambao Watanzania huwaita dagaa na migebuka, huvuliwa mbali na ufuko, kwa taa na kwa mitumbwi inayohitaji mafuta. Burundi imekumbwa na uhaba mkubwa wa mafuta katika miaka ya hivi karibuni. Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto la ziwa kumepunguza chakula cha samaki wa maji ya kina. Mvuvi asiye na mashine, mwenye watoto wanaosubiri chakula cha jioni, hugeukia matete.

Shimo la dume, kinywa cha jike

Tilapia dume huchagua mahali penye mchanga au tope laini, katika uwazi baina ya magugu, kisha huchimba shimo la duara lililo mfano wa sahani. Hulilinda kwa ukali na kumfukuza kila anayelikaribia. Jike huja, hutaga mayai humo, na papo hapo huyaokota kwa kinywa. Mayai huanguliwa ndani ya kinywa cha mama, na vifaranga hukaa humo hadi waweze kujitegemea, muda wa takriban wiki mbili. Hatimaye huachiwa penye majani mengi, ambapo samaki wakubwa hawapenyi kwa urahisi. Hatari ikitokea katika siku za mwanzo, hukimbilia tena kinywani mwa mama.

Wako tilapia wa jamii nyingine ambao hawabebi mayai kinywani. Hao huyaacha juu ya tope au jiwe, na wazazi wote wawili huyalinda. Wazazi wakiondolewa, mayai huliwa na samaki wengine kwa muda mfupi.

Mbinu ya mvuvi wa ndoano

Anayeijua tabia hii hahitaji vifaa vingi. Hukata ufito mrefu, hufunga mshipi mfupi wenye boya dogo, na huweka mnyoo wa ardhini kuwa chambo. Hautupi mshipi mbali, kwa maana utanasa kwenye magugu. Huusogeza mtumbwi polepole kwa pondo, bila kishindo, kisha huishusha ndoano wima katika kila tundu la maji lililo wazi. Asubuhi na mapema, maji yakiwa yametulia, boya huzama mara kwa mara.

Mara nyingi anayeishambulia ndoano ni dume anayelinda shimo lake. Jike mwenye vifaranga kinywani hali chakula, au hula kidogo sana, hivyo ni nadra kuvutwa na chambo. Kwa namna hiyo ndoano huchagua, ingawa mvuvi mwenyewe hakukusudia, na sehemu kubwa ya mbegu hubaki majini.

Wavu wa kukokota, yaani kokoro, hauna uteuzi huo, na chandarua cha mbu kilichogeuzwa wavu ni kibaya zaidi. Huzoa dume, jike na vifaranga kwa pamoja, hufukia mashimo na kung'oa magugu. Jike anapotolewa majini kwa mshtuko hutema mayai na watoto aliowabeba. Samaki mmoja huingia kwenye kapu, na mamia ambao wangekuwa wa msimu ujao hupotea.

Kufunga ziwa, au kufunga mazalio?

Nchi nne zinazomiliki ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulisimamia kwa pamoja mwaka 2003, na mamlaka iliyotokana nao ina makao yake Bujumbura. Miongoni mwa hatua zilizofuata ni kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu. Tanzania, kwa mfano, ililifunga ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024.

Hata hivyo, katika maji ya joto tilapia anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Miezi mitatu humpa nafuu, lakini ziwa likifunguliwa kokoro likarudi palepale kwenye matete, nafuu hiyo hufutika. Kwa samaki huyu, kulinda mahali kuna uzito sawa na kulinda majira.

Msingi wa kisheria upo. Sehemu ya mdomo wa Rusizi imo ndani ya hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 2002 eneo hilo linatambuliwa na Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 nayo imetenga ukanda wa mita 150 kando ya ziwa.

Wavuvi wenyewe wanajua kwamba matete hayo si salama. Viboko na mamba huishi humo, na wanaoingia majini kwa miguu kuvuta kokoro huhatarisha maisha yao zaidi ya aliye mtumbwini. Ila onyo peke yake halijazi sufuria. Anayeambiwa aliache kokoro atauliza atakula nini wiki hii, na jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama mwakani kutakuwa na samaki kwenye matete ya Rusizi.