Sikukuu za Mwezi na Bahari ya Kizingo

Mwaka Mpya wa Kichina hauna tarehe moja. Mwaka 2025 ulikuwa Januari 29, na mwaka 2026 Februari 17. Jambo hilo si geni kwa wakazi wa Mombasa, kwani Idd na Diwali nazo huhama kila mwaka. Sikukuu hizi zote hufuata mwezi wa angani, na mwezi huohuo ndio unaofanya maji ya Kilindini na Bandari ya Kale yajae na kupwa. Anayejua sikukuu ni siku ya ngapi ya mwezi anaweza pia kujua bahari itakuwaje siku hiyo.

Mwezi unavyohesabiwa

Mwezi wa Kichina huanza siku ambayo mwezi uko gizani, hauonekani kabisa. Diwali pia husherehekewa usiku wa giza. Waislamu huanza mwezi wao mwandamo unapoonekana, siku moja au mbili baadaye.

Mwaka wa Kiislamu una miezi 12 pekee, hivyo Idd hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Wachina huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19. Ndiyo sababu mwaka wao mpya hauondoki kati ya mwisho wa Januari na Februari.

Sikukuu nyingine za Kichina zina siku zake: ya Taa ni siku ya 15 ya mwezi wa kwanza, ya Mashua za Joka ni siku ya 5 ya mwezi wa tano, na ya Katikati ya Vuli, ambapo familia hula keki za mwezi, ni siku ya 15 ya mwezi wa nane. Siku tatu baada ya hiyo ya mwisho, watu hukusanyika kando ya mto Qiantang, karibu na Hangzhou, kutazama wimbi kubwa linalopanda mtoni kutoka baharini. Wimbi hilo huletwa na bamvua.

Bamvua na maji mafu

Bamvua huja siku chache baada ya mwezi kuwa gizani au mpevu. Mombasa, wakati huo maji hupanda zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti ni kama mita 1 tu.

Kwa hivyo Idd ya Mfungo Mosi huangukia bamvua, sawa na siku zinazofuata Mwaka Mpya wa Kichina. Idd ya Mfungo Tatu, ambayo ni siku ya 10, hukuta maji mafu.

Tahadhari kwa familia

Siku za bamvua Mombasa, maji hupwa sana kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kuelekea saa kumi au saa kumi na moja jioni. Huo ndio wakati familia humiminika Mama Ngina Drive kula mihogo na viazi karai. Watoto walioshuka kwenye miamba maji yakiwa yamepwa wanaweza kukuta njia ya kurudi imefunikwa.

Wakazi wanashauriwa:

- Kutazama jedwali la maji la Kilindini kabla ya kwenda ufuoni, kwani saa za kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku.
- Kuwatoa watoto miambani mara maji yanapoanza kurudi, bila kungoja yafike miguuni.
- Kuwauliza wavuvi wa eneo hilo. Wao huhesabu siku za mwezi kila safari, iwe ni sikukuu au si sikukuu.