Semi za Kiingereza Zisizofasirika Neno kwa Neno

Wasikilizaji wetu, tukimwambia mgeni kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, mgeni aweza kudhani kwamba mzee yule amejidhuru kwa chakula. Sisi twajua kwamba maana yake ni kuwa ameishi miaka mingi. Tukisema kwamba fulani ana mkono mrefu, hatumsifu kwa urefu wa mkono wake, bali twaonya watu waangalie mali zao. Kila lugha ina semi za namna hii, na Kiingereza kinazo tele. Kwa hiyo mwanafunzi ajuaye kila neno peke yake aweza bado kukosa maana ya sentensi nzima.

Fikirini usemi huu: "kupeleka makaa Newcastle." Newcastle ni mji ulio kaskazini ya Uingereza, kando ya mto Tyne. Kwa karne nyingi makaa ya mawe yalichimbwa katika sehemu zile na kupakiwa merikebuni kwenda London. Basi mfanyabiashara ambaye angepeleka makaa huko asingepata mnunuzi. Maana ya usemi ni kupeleka kitu mahali ambapo kimekwisha jaa. Watu wa pwani yetu wangeielewa upesi habari ya mtu apelekaye karafuu Pemba.

Usemi mwingine ni "kuelekeza jicho pofu." Nelson, jemadari wa merikebu za vita za Uingereza, aliumia jicho la kulia vitani mwaka 1794, likapotea nuru. Yasimuliwa kwamba mwaka 1801, katika vita vya Copenhagen, mkubwa wake alipandisha bendera za kumwamuru aache kupigana. Nelson akaiweka darubini penye jicho lile bovu, akasema kwamba haioni ishara. Hata leo Waingereza huutumia usemi huu juu ya mtu aonaye kosa akajifanya hakuliona. Sisi twasema amelifumbia macho.

Semi hizo zikikosewa huleta kicheko tu. Lakini yako maneno ya adabu ambayo yakikosewa huleta hasara. Mwingereza aandikapo, "Naogopa kwamba hakuna nafasi ya kazi," haogopi kitu cho chote. Hiyo ni njia ya upole ya kukataa. Mwombaji asikae nyumbani kungoja hofu hiyo iishe. Atafute kazi pengine.

Vivyo hivyo, wakati wa ukoloni barua nyingi za serikali zilimalizika kwa maneno, "Mimi ni mtumishi wako mtiifu," juu ya sahihi ya afisa. Mtu aliyedai shamba lake angeweza kuyasoma akafurahi, akidhani kwamba bwana mkubwa amekubali kumtii, kumbe katikati ya barua ile ile dai lake limekataliwa. Maneno ya mwisho yalikuwa heshima ya desturi tu. Na hata leo, barua ya Kiingereza ianzayo kwa "Mpendwa Bwana" haionyeshi mapenzi. Mwenye kudai deni lake naye huanza hivyo hivyo.

Basi yafaa kushika mambo matatu. Kwanza, ukiona maneno yasiyopatana na habari inayoelezwa, usiyafasiri moja moja. Soma yaliyotangulia na yanayofuata, kisha utafute kusudi la mwandishi. Pili, usiutumie usemi kabla ya kujua mahali pake. Waingereza husema juu ya aliyekufa kwamba "amepiga teke ndoo," lakini ni maneno ya mzaha. Ukiyaandika katika barua ya tanzia, utawachukiza wafiwa, kama vile sisi tusivyosema mbele ya wafiwa kwamba marehemu amekata kamba. Tatu, barua ikiwa yahusu haki yako au mali yako, mwulize ajuaye kabla ya kuijibu au kutia sahihi. Kuuliza si ujinga.