Kingamwili Inayotambua Kipokezi Kilichoamka

Mtoto akishazaliwa, kondo la nyuma huzikwa au kuchomwa pamoja na kamba ya kitovu. Maabara nyingi hazikubali kuitupa kamba hiyo. Mshipa wake una seli laini zinazotanda ukuta wa ndani, kama zile zilizomo katika kila mshipa wa damu mwilini mwetu.

Juu ya seli hizo kuna kipokezi kiitwacho VEGFR2. Tishu ikikosa oksijeni hutoa protini ya VEGF, nayo hunasa kwenye kipokezi kwa nje. Vipokezi viwili huungana, na upande wa ndani vikabandikana fosfeti; hapo kipokezi kimeamka. Mojawapo hukaa kwenye tairosini ya 1175, asidi amino moja tu katika mnyororo wa asidi amino 1,356. Mwaka 2005 watafiti wa Japani waliibadilisha tairosini inayolingana na hiyo kwa panya. Vijusi vilikufa tumboni bila mishipa ya damu kujengeka.

Fosfeti ni ndogo mno, haionekani kwa kupima uzito wa protini kwenye jeli. Hapo ndipo sungura anapohitajika. Hudungwa kipande kifupi cha kipokezi chenye fosfeti, na mwili wake hutengeneza kingamwili. Kisha huja hatua ninayoiona ya busara kuliko zote: kingamwili hizo hupitishwa kwenye kipande kilekile kisicho na fosfeti. Zinazong'ang'ania hapo huondolewa, kwa kuwa haziwezi kupambanua kipokezi kilicholala na kilichoamka.

Mtafiti huzipa seli VEGF, na baada ya dakika tano hivi huzivunja juu ya barafu, akiweka pia dawa ya kuzuia vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti. Akichelewa, ishara imepotea. Protini hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili humwagwa juu yake. Mstari hujitokeza karibu na kilodaltoni 230.

Mstari huo peke yake usimridhishe mtu. Lazima ipimwe jumla ya vipokezi, vilivyolala na vilivyoamka, na sampuli nyingine ing'olewe fosfeti makusudi. Mstari ukibaki palepale, kingamwili hiyo haifai, hata kama imenunuliwa kwa bei kubwa.

Uvimbe wa saratani hujivutia mishipa kwa VEGF hiyohiyo. Bevacizumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, huikamata VEGF kabla haijafika kwenye seli. Ukiiweka kwenye sahani ya maabara pamoja na VEGF, ule mstari wa 230 hufifia.