NENO "SIREN" NA ASILI YAKE



Ndugu msomaji, makala haya nayaandika kwa sababu nina deni. Mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni aliniletea kamusi yake ya Kiingereza ya skuli akaniuliza, "Maalim, siren si king'ora? Mbona humu wameandika kuwa ni mwanamke wa baharini?" Nikatupia jicho, nikamjibu kwa haraka kwamba bila shaka ni makosa ya mpiga chapa. Akaifunga kamusi yake akaenda kukaa. Kumbe aliyekosea ni mimi, na kwa kuwa nilimjibu mbele ya wenzake, nimeona ni haki jibu lililo sahihi nalo alipate mbele ya wenzake.

Neno hili, ambalo Waingereza hulitamka "sairen", wengi wetu tunalijua kwa maana moja tu, nayo ni ile sauti kali inayopenya masikio, inayopanda na kushuka, gari la wagonjwa au la zimamoto linapopita. Lakini hiyo ndiyo maana changa. Maana kongwe ni ile aliyoiona mwanafunzi.

Asili ya neno ni Kiyunani. Katika ngano za Wayunani wa kale (nasema ngano, si hadithi kwa maana mnayoisoma darasani) walikuwapo viumbe wa kike waliokaa kisiwani, kando ya njia ya vyombo, wakiimba kwa sauti tamu kupita kiasi. Baharia aliyewasikia alisahau mke na watoto, akawaendea, asirudi tena. Utenzi maarufu wa Homer uitwao Odyssey unasimulia jinsi nahodha Odysseus alivyowaziba mabaharia wake masikio kwa nta, na yeye mwenyewe akafungwa kwa kamba kwenye mlingoti ili asikie lakini asiweze kwenda. Wataalamu wa lugha wamekhitilafiana kuhusu neno lenyewe lilikotoka. Wapo wanaolihusisha na neno la Kiyunani lenye maana ya kamba, yaani mwenye kufunga watu kwa sauti yake, na wapo wasiolikubali hilo.

Wayunani waliwachora viumbe hawa kama ndege wenye vichwa vya wanawake. Baadaye, katika Ulaya ya zama za kati, wakavishwa mkia wa samaki, na ndivyo walivyoingia katika kamusi. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kushangaa, maana neno letu nguva nalo limebeba mambo mawili, yule mtu-samaki wa masimulizi na mnyama wa kweli anayekula majani ya baharini. Wanasayansi nao kundi zima la wanyama hawa wameliita Sirenia. Maskini nguva wa kweli ni mpole, hajapata kuzamisha chombo cha mtu, na katika bahari yetu amekuwa adimu mno.

Sasa, vipi jina la waimbaji likahamia kwenye chombo? Mwaka 1819 Mfaransa mmoja, Charles Cagniard de la Tour, alitengeneza kifaa cha kuchunguzia sauti. Kilikuwa na kisahani chenye matundu kilichozunguka juu ya bamba jengine lenye matundu. Hewa ikisukumwa kutoka chini, hupita matundu yanapokutana na huzibwa yanapopishana, kwa hiyo hutoka kwa mapigo mapigo. Mapigo yakiwa mengi, masikio huyasikia kuwa sauti moja. Kisahani chenye matundu 20 kikizunguka mara 50 kwa sekunde hutoa mapigo 1,000 kwa sekunde. Kadiri kinavyokwenda mbio ndivyo sauti inavyokuwa nyembamba, na ndiyo maana ving'ora vya zamani vilianza na mngurumo mzito vikapanda hadi ukali. Mskochi John Robison alikuwa amekwisha kufanya jambo la namna hiyo kabla yake, lakini jina ni la Mfaransa. Yeye aliona kifaa chake kinaweza kulia hata ndani ya maji, akawakumbuka waimbaji wa baharini, akakiita kwa jina lao.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 kifaa hicho kilikuzwa, kikaendeshwa kwa mvuke, kikawekwa kwenye minara ya taa ili kuonya meli wakati wa ukungu. Mwanasayansi John Tyndall alivijaribu vyombo mbalimbali vya kuonyea katika pwani ya kusini ya Uingereza mwaka 1873, na siren ilifanya vizuri sana. Hapa nilisimama kidogo niliposoma. Jina la sauti iliyowavuta mabaharia kwenye miamba likawa jina la sauti inayowaambia wajitenge na miamba hiyo. Katika Vita vya Pili vya Dunia watu wa London waliijua kwa namna mbili: ikipanda na kushuka, ndege za adui zinakuja; ikilia mfululizo bila kubadilika, hatari imepita.

Kuhusu kupenya kwake, si kelele tu. Sikio la mwanadamu husikia vyema zaidi sauti za mitetemo baina ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, kwani hata tundu la sikio lenyewe, kwa urefu wake wa sentimita mbili na nusu hivi, huzikuza sauti za kiasi hicho. Kilio cha mtoto mchanga nacho kina nguvu katika eneo hilo, kama kila mzazi ajuavyo saa nane za usiku.

Waarabu hawakuifuata ngano ya Wayunani. Wao king'ora hukiita saffaaratul-indhaar, yaani filimbi ya onyo. Wanafunzi waliohifadhi Suratul Mulk wataitambua shina yake, maana ndiyo iliyotoa neno nadhiir, mwonyaji, linalokuja zaidi ya mara moja katika sura hiyo. Hata nadhiri tunayoiweka inatokana na herufi hizo hizo tatu, nuun, dhaal na raa.

Wallahu aalam.