Bima ya watumishi kwa kila mwananchi: mlango ulifunguliwa nusu

Kila inapotajwa hasara ya mfuko wa bima ya afya wa watumishi wa umma nchini Tanzania, kidole huelekezwa kwa walioingia mwisho: watoto, wakulima, wamachinga na wengine wasio na mwajiri. Lawama hiyo haiwastahili. Mfuko uliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3, na wanaotibiwa ni mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Hesabu ilisimama kwa kuwa hakuna mtumishi aliyeulizwa kama anataka. Mwalimu kijana asiyeumwa mwaka mzima alichangia pamoja na karani mwenye kisukari, na fedha ya mmoja ikamtibu mwenzake. Mwananchi wa kawaida alikaribishwa kwa utaratibu mwingine kabisa. Aliambiwa ajiunge akipenda, iwe kwa kadi ya mtoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka au kwa vifurushi vya 2019, vilivyoanzia shilingi 192,000 kwa kijana asiye na familia. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu alikimbilia kadi, wa mtoto mzima akangoja. Hata angekuwa nani, kwa masharti hayo angefanya hivyo hivyo.

Afisa mmoja anayezijua hesabu hizo anasema kadi za watoto zilikula mara kadhaa ya kile zilichoingiza, ndiyo maana usajili wa mtoto mmojammoja ulisitishwa 2023 na wazazi wakaelekezwa kupitia shuleni. Namwamini kuhusu kadi za watoto. Siamini kwamba hapo ndipo hadithi nzima ilipo. Ukaguzi wa hesabu za serikali ulionyesha nakisi ya zaidi ya shilingi bilioni 200 kwa mwaka 2021/22, lakini wakaguzi walizungumzia pia mikopo ambayo taasisi za serikali zilichukua kwenye mfuko na kuchelewa kuirejesha. Kuna pia wastaafu, wanaoendelea kutibiwa bila kuchangia tena, jambo la haki kwao lakini lenye gharama inayokua kila mwaka. Mmachinga hahusiki na lolote kati ya hayo.

Mwenye kituo binafsi cha afya jijini Dar es Salaam ana malalamiko yanayopaswa kusikilizwa kabla ya kushangilia kauli kwamba mfuko umerudi kwenye ziada. Kitita kipya cha Machi 2024, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko hulipa, kilichofanya hospitali nyingi binafsi zitangaze kusitisha huduma kwa wenye kadi, kwake kilimaanisha bei ya kumwona daktari na ya baadhi ya dawa kushuka chini ya gharama anazolipa yeye. Madai yake hukaa miezi kabla ya kulipwa, na yakilipwa huwa yamekatwa kwa sababu asizozielewa, huku muuza dawa wa jumla akitaka fedha taslimu. Mfuko nao una hoja: udanganyifu upo, na wapo waliodai vipimo ambavyo havikufanyika. Lakini ziada inayopatikana kwa kumbana mtoa huduma mwishowe hulipwa na mgonjwa, anayefika dirishani na kadi yake na kuambiwa dawa hiyo akanunue nje.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watumishi wenyewe. Wanauliza kwa nini makato yao yamtibu mtu asiyekatwa. Swali ni la haki, ila linasahau kwamba ile asilimia 3 ya mwajiri hutoka hazina, na hazina hujazwa pia na mama lishe kila anaponunua sabuni, mafuta na vocha ya simu. Amekuwa akichangia bima ya watumishi tangu 2001 bila kupewa kadi. Kumwingiza si hisani. Ugumu uko kwenye namna: mwenye kipato cha siku hawezi kutoa laki mbili kwa mkupuo, na mkulima wa korosho hana fedha mwezi wa tano.

Sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa na Bunge 2023 inajibu sehemu ya hayo. Inamtaka kila mkazi awe na bima, na kwa wasio na uwezo inataja vyanzo kama ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi. Ulazima ndio uliokosekana mwananchi wa kawaida alipokaribishwa, kwa hiyo kwenye karatasi mwelekeo ni sahihi. Mashaka yangu yako kwenye utekelezaji. Takwimu zinazotajwa mara nyingi zinaonyesha Watanzania takriban asilimia 15 tu wana bima ya aina yoyote, na hakuna anayeeleza bayana ulazima utamfikiaje dereva wa bodaboda asiye na mwajiri wala hati ya mshahara. Kupitia vyama vya ushirika na vikundi vya kukopeshana huenda ikawezekana, iwapo michango itapokelewa kidogokidogo kwa simu. Fedha ya wasio na uwezo isipofika kwenye mfuko kwa wakati, vituo vitakuwa vya kwanza kuifidia, na mwenye kituo yule anasema hataweza kuvumilia kitita kingine kama cha 2024.